Mahindi ya Nakhumicha Yagoma Kuota

Mwalimu Nelima alimaliza shule ya msingi akijua kuchora haragwe linaloota, ingawa hakuwa ametazama hata moja likiota. Alinakili mchoro wa ubaoni, akapata alama zote, kisha akaenda nyumbani kupalilia maharagwe hayo hayo! Upuuzi ule humkera mpaka leo. Ndiyo maana katika darasa lake la gredi ya tatu, mtaani Langas, dirisha limejaa vikopo vya mtindi na chupa zilizokatwa, vyote vyenye udongo na mimea, na mwenyewe hana raha mpaka mtoto ashike kitu kwa mkono wake.

Si wote waliopendezwa. Mabonga, fundi wa mawe, babake Nakhumicha, mmoja wa wanafunzi hao, alimlalamikia mwalimu mkuu, Bwana Ng'ang'a, kwamba watoto wanachezeshwa matope badala ya kuandika. Bwana Ng'ang'a haogopi chochote duniani isipokuwa mzazi mwenye hasira. Akaamua kwamba Ijumaa wataingia darasani wote wawili, na Mabonga asiporidhika, vikopo vitaondoka na watoto watarudi kunakili ubaoni.

Ijumaa ikafika. Watoto walikuwa wameleta mahindi na maharagwe kutoka nyumbani na kuyapanda wiki mbili nyuma, na sasa vikopo thelathini na kimoja vilikuwa kijani kibichi. Lakini palipo na wengi hapakosi mengi. Kikopo kimoja kilikuwa udongo mtupu, nacho kilikuwa cha Nakhumicha.

Mabonga alikiinua. "Mwalimu, hata kuota imekataa. Sasa hawa wanasoma nini?"

Nelima alikuwa na majibu kumi mdomoni, akayameza yote.

"Nakhumicha," akasema, "imekataa kwa nini? Hebu tafuta."

Mtoto akachukua kijiti, akafukua, akatoa punje na kuibonyeza. Ikapondeka kama uji. Akachomoa ya jirani yake, akaibonyeza pia. Hiyo haikupondeka, na ilikuwa imetoa mizizi. Akasimama akifikiri, kisha macho yakamtoka.

"Ticha! Yangu ilikuwa imepikwa! Kukhu, nyanya yangu, alisema hawezi tuma mtoto shule na mahindi mbichi. Akachemsha na maharagwe, akaweka chumvi."

"Na wewe ukapanda?"

"Nilikula nusu kwa njia. Nusu nikapanda." Akageukia darasa kwa furaha ya mtu aliyeokota almasi. "Mbegu ikipikwa inakufa! Haiwezi ota!"

Darasa lilivunjika mbavu. Mabonga alijishika kiuno akicheka mpaka machozi. "Huyo ni mama yangu kabisa!" Alipotulia, akamwinamia bintiye. "Na mbegu haijapikwa, lakini imekaa stoo mwaka mzima?"

"Weka kumi kwa pamba, Baba, uloweshe. Halafu uhesabu zenye zimeota."

Mabonga akaaga, akaondoka, na Bwana Ng'ang'a akaondoka naye bila kutoa hukumu. Wikendi ile Nelima hakula akashiba.

Jumatatu asubuhi Mabonga alikuwa langoni, na mvua za kupanda zilikuwa zimekaribia. Alimsalimu Nelima, akampita, akampa bintiye karatasi iliyokunjwa yenye mbegu za shamba alilokodi huko Moiben.

"Nipimie hii kabla sijapanda," akamwambia.

Nelima akarudi darasani kwa furaha, akatafuta nafasi dirishani, hakuipata. Bwana Ng'ang'a, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakohoa kidogo na kusema waweke kwenye dirisha la ofisi yake.