Omena Iliyolala Nje Sabato

Miaka ya tisini, kabla sijaingia ngumbaru, darasa la watu wazima, na kujifunza kuandika hasira zangu, nilikuwa nazibeba tu kichwani kama karai. Hii moja nimeibeba mpaka leo na haijapungua hata kijiko.

Tulikaa Sindo, kando ya ziwa, mimi na mume wangu, mzee wa kanisa. Kanisa letu lilishika Sabato: Ijumaa jua likizama, hushiki jembe, hushiki samaki, hata uone paa la nyumba linaruka. Gugumaji lilikuwa limefunga ufuo wiki mbili, mitumbwi haitoki, na ndani unga uliobaki ungemchekesha panya. Lilipofunguka nikapata omena, wale dagaa wa ziwani, karai sita. Nilipanga Jumapili niipeleke Lambwe nikabadilishane na mahindi, watoto watano wapate kula mpaka mavuno.

Ijumaa niliianika juu ya nyavu kuukuu, lakini kulikuwa na mawingu. Jioni ilikuwa bado mbichimbichi.

"Baba watoto, tuianue, jua halijazama."

"Ukiianua hivyo itaoza. Iache. Jua halina Sabato, litaikausha kesho. Aliyeileta ataitunza."

"Na mvua je, yenyewe ina Sabato?"

"Mama watoto! Imani!"

Basi kesho yake akasimama mbele ya kanisa, suti imenyooka, akatuhubiria ndege wa angani: hawalimi, hawavuni, na Mungu anawalisha. Nilikuwa nimekaa dirishani, kanisa liko mlimani, na ndege wenyewe nawaona! Yangeyange wametua juu ya nyavu zangu, wengi wa kutosha kufunika Tanzania nzima. Kweli wanalishwa. Wanalishwa omena yangu.

Nyuma yao ziwa likawa jeusi. Nikainuka. Mume wangu akanitupia lile jicho la wazee, na kanisa zima likageuka. Nikakaa. Hapo ndipo ninapojikasirikia mimi mwenyewe, maana miguu nilikuwa nayo miwili na hakuna aliyeikalia. Mvua ikapiga mabati mpaka wimbo wetu ukazama.

Tuliporudi, nyavu zilikuwa tupu. Kwenye veranda yangu amekaa jirani, yule mama Mwislamu aliyeuza vitenge sokoni. Buibui lake linachuruzika. Nyuma yake omena yangu, karai nne na nusu, imefunikwa turubai.

"Dada, nimekuita mpaka sauti imekwisha," akasema. "Mkiingia kule mnafungiwa kwa kufuli?"

Nikaitambua ile turubai. Ndiyo iliyokuwa paa la kibanda chake. Vitenge vyake vilikuwa kwenye beseni pembeni, vimelowa, rangi nyekundu imeingia kwenye nyeupe.

Mume wangu akainua mikono juu. "Si nilisema? Si nilisema Bwana atatunza?"

Asante hata ya kuazima hakumpa. Nilipasuka. Nadhani walinisikia mpaka Migori.

"Ametunza kwa turubai ya nani? Mgongo uliolowa ni wa nani? Wewe ulikuwa unahubiri ndege, ndege wanakula, huyu anapigwa mvua!"

"Mama watoto, leo ni Sabato."

"Mwache, dada," jirani akasema, anacheka na meno yanagongana. "Nipe chai ya moto kwanza, halafu ugombane."

Jumapili nilikwenda Lambwe, nikarudi na mahindi. Si yale niliyotarajia, lakini yalitosha kusaga. Jioni ugali ukafika mezani, mlima wenye moshi. Mume wangu akafumba macho, akamshukuru Mungu kwa jua, kwa ziwa, kwa mahindi, kwa safari. Akafika "Amina."

Sikuitikia. Nikaweka mkono wangu juu ya ugali, unaniunguza, na hakuna mtoto aliyethubutu kumega.

"Hujamaliza," nikamwambia.

"Nimemaliza."

"Mimi namwamini Mungu kama wewe. Lakini alimtuma mtu, na huyo mtu ana jina. Malizia."

Ugali ukapoa, ukafanya ngozi. Mtoto wetu wa mwisho akaanza kulia. Mwisho mzee wa kanisa akafumba macho tena, akasema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino: "Na umbariki jirani yetu." Akalitaja jina lake. "Na vitenge vyake."

Nikaitikia amina iliyoamsha kuku wa kijiji kizima. Kisha nikajaza gorogoro, mkebe wangu wa kupimia, omena ile nzuri, nikamkabidhi mume wangu.

"Peleka wewe mwenyewe," nikamwambia. "Leo si Sabato."