Waridi Lililotoka Ndhiwa

Mwanamume ambaye hajawahi kushika jembe akianza ghafla kupanda maua, mke wake ana haki ya kuuliza kulikoni. Mimi sikuuliza. Nilianza kumchunguza.

Ilikuwa Migori, miaka ya tisini, tulipopata nyumba yetu ya kwanza yenye kiwanja mbele. Mume wangu alikuwa karani katika kituo cha kununulia tumbaku. Yeye Mjaluo wa Ndhiwa, mimi Mkuria wa Ntimaru, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu hakuna aliyetaka kushindwa na lugha ya mwenzake. Nilikuwa nimeshachagua waridi langu: jekundu, la maua makubwa kama ngumi, lililouzwa kwenye mikebe karibu na kanisa. Muuzaji aliniambia linataka jua la asubuhi, samadi iliyooza vizuri, na maji shinani, si kwenye majani. Nikachimba mashimo matatu mbele ya dirisha, nikangoja Jumamosi.

Ijumaa mume wangu akarudi kutoka safari na vijiti vitatu ndani ya gunia lililoloweshwa.

"Tutapanda hii," akasema.

"Maua yake ni rangi gani?"

"Pinki hivi. Madogo madogo. Lakini inanukia."

"Mimi nilisema nataka nyekundu."

"Nyar Ntimaru, hizo nyekundu ni za kuonyesha watu. Hii haina maringo. Hata kiangazi inavumilia."

Nyar Ntimaru, yaani binti wa Ntimaru, ndivyo alivyoniita alipotaka kunilainisha. Akavipanda mwenyewe, tena katika mashimo yangu, huku akinifundisha kwamba kijiti cha waridi hukatwa mshazari juu ya jicho, pale panapochipukia, ili maji ya mvua yateremke, yasikiozeshe. Vidukari vilipovamia majani machanga, aliloweka mabua ya tumbaku kwenye ndoo na kuyanyunyiza maji yake jioni, bado amevaa shati la kazini. Huyu ni mtu ambaye tone la chai likiangukia shati lake, nyumba nzima hupata habari.

Nani alimfundisha hayo yote? Nikamuuliza vijiti vilitoka wapi.

"Nyumbani," akasema, akageuza uso.

Nyumbani kwa nani? Kwao nilikuwa nimefika mara mbili, na ndani ya boma lile sikuona ua hata moja. Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke. Nilimwona wazi kabisa, na kiwanja chake kilichofagiliwa na vitambaa vyake vya kufuma juu ya viti. Nilimchukia mpaka viatu vyake, ambavyo sikuwahi kuviona.

Kila asubuhi, kabla ya chai, mume wangu alienda kuchuchumaa mbele ya yale mawaridi. Mimi niliwahi kulala na homa wiki nzima na hakuna aliyenichuchumalia hivyo. Siku ua la kwanza lilipofunguka, aliinama, akalinusa, akafumba macho. Nikasema moyoni, haya, tutaona. Alipoondoka kwenda kazini nilichemsha sufuria ya maji nikayamimina shinani. Nikafanya hivyo siku tatu. Majani yakawa kahawia, yakaanguka. Mume wangu alichuchumaa, akapapasa udongo kwa vidole, akaingia ndani kunywa chai bila kusema neno. Ukimya wake kwangu ulikuwa ushahidi tosha.

Siku ya soko, yeye akiwa kazini, nikaenda Ndhiwa. Nilitaka mama mkwe aniambie usoni huyo mwanamke ni nani.

Sikufika mlangoni. Nje ya lango, mkono wa kushoto, kulikuwa na kichaka nilichokipita mara mbili nikidhani ni sehemu ya uzio. Sasa kilikuwa kimechanua, maua madogo ya pinki, harufu ile ile. Matawi yake matatu yalikuwa yamekatwa mshazari. Chini yake ardhi ilikuwa imeinuka kidogo.

Mama mkwe alitoka kunipokea, akanikuta nimesimama pale.

"Mama, hii maua ni ya nani?"

"Ni ya msichana wangu. Yule alikuwa anafuata bwanako kuzaliwa."

"Sijawahi kusikia habari yake."

"Bwanako hawezi kuiongea."

"Na mbona yuko huku nje?"

"Kwetu msichana akikufa kama hajaolewa, hazikwi ndani ya boma. Analala nje ya lango. Bwanako alikuwa kijana wa shule, akalilia wazee wamwache ndani. Wakakataa. Hii maua huyo msichana ndiye alipanda, mbele ya nyumba yangu. Bwanako akaing'oa yote, akamletea hapa. Juzi juzi akakuja, akakata, akaniambia, 'Mama, sasa ataingia kwangu.'" Akanitazama. "Imeshika?"

"Imeshika, mama," nikasema. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale langoni.

Nikaomba kisu, nikidai nataka vingine vya nyuma ya nyumba. Nikakata ovyo vijiti vitatu. Nilipofika Migori niling'oa vile vilivyokufa, nikapanda vipya katika mashimo yale yale, nikasawazisha udongo.

Jioni mume wangu alirudi, akachuchumaa. Alivitazama kwa muda mrefu. Vilikuwa vimekatwa bapa, kama kuni.

"Umefika Ndhiwa," akasema.

"Nimefika."

Nilitaka kuendelea, nimweleze habari ya sufuria, lakini hakuningoja. Akatoa kisu chake kidogo mfukoni, akaanza kupunguza ncha za vijiti kwa mshazari, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Alipomaliza alifuta kisu kwenye suruali yake ya kazi.

"Lete maji, nyar Ntimaru," akasema bila kugeuka. "Safari hii, ya baridi."