Pindo la Kanga ya Bibi

Kila nikifungua chupa ya dawa ya kikohozi ya mwanangu, ile harufu tamu hunirudisha chumbani kwa bibi, nyumbani kwetu Bawshar. Saratani ilikuwa imeshaingia mifupani mwake.

"Maumivu ni namba ngapi leo, sifuri mpaka kumi?" akauliza nesi aliyekuja kumtazama.

"Alhamdulillahi."

"Hiyo si namba, bibi."

"Basi andika sifuri. Nna subira yangu."

Nikasema, "Anatafuna kanga tangu juzi."

"Mtoto huyu muongo," bibi akasema, huku akilificha pindo. Nesi akalivuta taratibu. Lilikuwa na matundu kama chujio. Akaandika nane, akampimia mofini ya maji, dawa kali ya maumivu yenye harufu ile ile tamu.

"Subira yako ibaki, bibi. Tunaondoa maumivu tu."

Bibi akainywa huku amenikazia macho. Baada ya saa moja alishuka kitandani, akashika ukuta mpaka jikoni, akafunua sufuria, akamwambia mama wali wake wa nazi umekuwa uji.

Mama alikuwa hajagombezwa wiki nzima. Akajibu, "Ndiyo, mama," kisha akageukia friji, akajifuta macho kwa kiganja.