Fundi wa picha aliyeutafuta uso wa Mumo kando ya ndege ya vita

Ni Jumamosi asubuhi mtaani Tena, Nairobi, na Elsie Adongo ameinamia kompyuta hadi pua inakaribia kugusa kioo. Anafuta mikwaruzo kwenye picha ya harusi iliyokunjwa mara nyingi. Nje ya kibanda chake, mashine ya kinyozi inanguruma.

"Mikwaruzo haina shida," anasema bila kugeuka. "Shida ni mtu akuletee picha isiyo na uso."

Elsie, 47, binti wa mfanyakazi wa reli, hufufua picha kuukuu. Hulipwa shilingi mia tano kwa picha, na siku nyingine hapati mteja. Lakini hakuna kazi iliyomsumbua kama ile aliyoletewa mwaka jana na Kalekye Mumo, ajuza wa mtaa wa Mowlem.

Picha hiyo ilipigwa hapa Kenya wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Vibarua wamesimama mbele ya ndege ya wanamaji wa Uingereza, ya aina ambayo mabawa yake hukunjwa ili itoshe melini. Mmoja wao, mrefu, aliyejifunga kamba kiunoni badala ya mshipi, ni Mumo, babake Kalekye; ndivyo mamake alivyomwambia. Alifariki bintiye akiwa angali ananyonya. Mvua ikavuja ndani ya sanduku la mjane wake, ikaula uso wa Mumo pichani kabla Kalekye hajapata akili.

"Nilimwambia, 'Mwanangu, nionyeshe baba yangu. Simjui,'" anakumbuka Kalekye.

Kompyuta ingeweza kubuni uso. Elsie akakataa.

"Nimtengenezee mama wa watu baba asiye wake, amlilie? Hapana."

Badala yake alimtumia picha hiyo Caleb Ondiek, dereva wa lori anayeishi Tassia. Caleb yumo katika kikundi cha WhatsApp cha wapenzi wa ndege za kale, wengi wao wakiishi ng'ambo. Alipoisoma namba ubavuni mwa ndege, aliruka kitini. Ndege hiyohiyo ingalipo! Imehifadhiwa ughaibuni, miongoni mwa chache mno za aina yake zilizosalia, na wenzake wamekuwa wakipeana picha zake kwa miaka.

Picha zikamiminika: mkia, injini, magurudumu. Watu, hakuna. Ila kwenye moja ya enzi za vita, ukingoni kabisa, Elsie aliona kiwiko cha mtu na ncha ya kamba ikining'inia.

"Caleb, huyu amekatwa. Yuko wapi?"

"Aah, hao hukatanga watu ndio ndege itokee poa."

"Basi waambie watume nzima."

Haikuwa rahisi. Mmoja aliandika kwamba yeye hukusanya ndege, si vibarua. Elsie alichemka. Alikwenda Mowlem, akairekodi sauti ya Kalekye akieleza anachotafuta, na Caleb akaitafsiri na kuituma kikundini. Kesho yake, mwenye ile picha, mjukuu wa fundi wa ndege hizo, aliituma bila kuikata.

Mumo ameegemea bawa, anacheka.

Kalekye aliisogeza karibu na macho. Kisha akapiga ukelele: "Wuui! Huyu si Kitonga wangu? Hata mwanya ni ule!" Kitonga ni kifungua mimba wake.

"Nilidhani nitalia," anasema. "Lakini yeye anacheka. Nikacheka naye."

Siku hizi baadhi ya wanakikundi hutuma picha nzima na kuuliza majina. Wengine bado wanakata.

Elsie ameshaomba ukumbi wa kanisa lake kwa wikendi moja mwezi Desemba. Anataka kuzitundika picha hizo, zikiwa zimekuzwa, ili familia zije kuzikagua. Katika ile picha nzima, kando ya Mumo wamesimama wanaume wengine sita, nyuso zao safi kabisa, na hakuna anayewajua.

"Pengine wajukuu wao wako hapa tu, Umoja ama Dandora," anasema. "Waje waangalie. Mtu akisema 'huyu ni wetu', nitaandika jina lake papo hapo."