Mkasi wa Jeni na Mume wa Kuazima

Mimi sina subira, na wagonjwa wangu wa Matombo wanalijua hilo. Kwa hiyo wataalamu walipotuletea zahanatini kipimo kipya cha magonjwa ya zinaa cha kufanyia majaribio, wakasema vichupa vikae nusu saa kwenye joto la mwili, niliguna. Walieleza kuwa ndani yake mna mkasi wa jeni, kama ule wanaoutumia maabarani kuhariri vinasaba. Hapa hauhariri kitu. Unawatafuta vijidudu kwenye mkojo, ukiwapata unakata, na mstari mwekundu unatokea kwenye kikaratasi.

Siku ya kliniki akaja mama mmoja wa mlimani, mimba ya miezi sita, amemshika mkono binti yake wa miaka mitatu. Jicho moja la mtoto lilikuwa jeupe. Alimzalia nyumbani, siku ya tatu macho yakajaa usaha, na watu wakasema karogwa. Mimi nilishuku kisonono, ambacho humwingia mtoto machoni anapozaliwa; mama anaweza kuwa nacho asiumwe popote. Zamani tulitibu kwa kuangalia dalili, na yeye dalili hakuwa nazo. Nilipomweleza kipimo, aliuliza jambo moja tu.

"Huo mkasi hautamfikia mtoto tumboni?"

Nikamwambia unaishia kwenye kichupa.

Kwetu mjamzito huja na mumewe mara ya kwanza, na asiye naye alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Huyu alikuja na mwanamume mpole, kabeba kikapu cha ndizi. Nikapokea mkojo wa wote wawili. Umeme ukakatika, nikavitia vichupa kwapani, nikaendelea kuandika kadi. Wenzangu walinicheka wee, mpaka wakachoka.

Cha mama kilitoa mstari. Cha mwanamume hakikutoa. Nikalilaumu kwapa langu, nikarudia kwapa la pili, majibu yakawa yale yale. Nikamwita yule bwana peke yake, nikamuuliza kama amewahi kumeza dawa za ugonjwa huo. Akainamisha kichwa.

"Nesi, mimi ni kaka yake."

Mume alikataa kushuka, basi dada akaazima kaka ili asirudishwe. Nilifura kwa hasira. Halafu nikakumbuka: mwezi uliopita mama yule yule alikuja peke yake, na mimi kwa ukali wangu nikamrudisha nyumbani, kwa kukosa mume na barua. Niliona aibu hadi masikioni.

Nilimpa majibu yake faraghani, nikamchoma sindano, nikamwambia kweli: mumewe asipotibiwa atamwambukiza tena, na macho ya huyu wa tumboni yatakuwa hatarini. Alijifunga kanga upya. Waluguru, watu wa mlima huu, wanarithi ardhi kwa upande wa mama, nami nilikuwa nimelisahau hilo.

"Shamba analolima ni la mama yangu," akasema. "Atashuka."

Alhamisi mume akashuka, kanuna. Hakuuliza nani kamwambukiza nani, nami nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Aliuliza kama jicho la binti yake litarudi. Nikamwambia halitarudi.

"Basi nichome," akasema, akaanza kukunja mkono wa shati.

Baada ya wiki kadhaa tukawapima tena, na mkasi haukupata kitu. Tangu hapo simrudishi mwanamke kwa kukosa mume, na anayetaka kunigombeza ofisini anigombeze.

Mtoto alizaliwa kwetu, tukampaka dawa ya macho kama wengine wote. Siku ya tatu nilipanda mwenyewe mlimani, kwa pikipiki, nikilaani kila jiwe. Nilimkuta baba kakaa kizingitini, mtoto mapajani. Macho yalikuwa makavu, safi, yote mawili. Yule binti alisogeza uso wake karibu kabisa na wa mdogo wake, akaniuliza kama anamwona.

"Anakuona," nikasema. Nikageuka kutafuta leso yangu.