Ramani ya Jengo la Masunga

Hakuna mwenye duka katika jengo la Masunga, pale Bariadi mjini, ambaye hakujua kwamba waifai ya humo ni kazi ya Kornelia. Alizaliwa Mwandoya, kwenye nyumba ya wafuga ng'ombe, akajifunza ufundi kwa kufungua redio mbovu za wajomba zake. Kufikia umri wa miaka thelathini na tisa alikuwa amevuta nyaya kwenye ofisi nyingi za mji, lakini aliloringia ni jengo hilo la ghorofa mbili. Vifaa kumi na sita vya kurushia mtandao alivifunga darini mwenyewe, ngazi begani, vumbi machoni.

Miaka sita nyuma alikuwa na msaidizi, Lukresia, binti kutoka Mkula. Alimfundisha kukata waya, kuufunga kichwa cha kuchomekea, kupima kama unapitisha mtandao. Kisha Lukresia akaenda kusoma Mwanza, na tangu hapo akawa mtu wa salamu za sikukuu tu.

Sasa Masunga, mwenye jengo, alitaka kujua wateja wanapita wapi na wanasimama wapi. Akamwambia Kornelia kwamba anakuja mtaalamu kuunganisha ule mtandao na mfumo wa ramani. Mtaalamu aliposhuka kwenye gari, alikuwa Lukresia.

Masunga alimletea mgeni kiti kwa mkono wake mwenyewe. Kornelia aliitazama ile miguu minne ya kiti ikiwekwa chini polepole, akakumbuka kwamba katika miaka minne ya kumfanyia kazi hajawahi kukaribishwa hata kwenye ndoo.

Lukresia alimwamkia kwa heshima, "Mwangaluka, dada," akaeleza kazi yenyewe. Simu yenye waifai hutafuta mtandao kila wakati, vifaa vya darini huisikia, na kwa kulinganisha vinavyoisikia kwa nguvu na vinavyoisikia kwa mbali, mfumo hujua simu iko upande gani. Jina la mtu halionekani. Ni nukta tu kwenye ramani. "Ila ramani haijui kifaa kipi kimefungwa wapi," alisema. "Hilo unalijua wewe peke yako, dada. Niandikie orodha."

Orodha ilikuwepo kwenye daftari. Kornelia alikaa kuinakili, na kila namba aliyoandika ilimchoma. Yeye ndiye aliyepanda ngazi, na mwingine ndiye anayeitwa mtaalamu. Alipofika ghorofa ya juu, mkono ukafanya kilichokuwa moyoni. Kifaa cha kona ya Specioza, fundi cherehani, akakiandika mwisho wa ukumbi wa nyuma, penye vyumba vitupu. Na cha nyuma akakiandika kwa Specioza. Alijiambia ramani itaonekana ya hovyo siku ileile, Lukresia ataumbuka, basi.

Siku ya kuunganisha, Lukresia aliwasha mfumo, akabandika ufunguo wa siri, ile namba ndefu ya kuiunganisha mifumo miwili, kwenye mtambo unaoongoza vifaa vyote, wakasubiri. Nukta zikaanza kujitokeza moja moja, chini na juu. Wenye maduka wakapiga makofi. Kornelia naye akapiga, viganja vikavu, akingoja mtu aseme kuna kosa.

Hakuna aliyesema. Wiki mbili baadaye Masunga aliwaita wapangaji, akawaonyesha kwamba wateja wanajazana ukumbi wa nyuma, na kwa Specioza hasimami mtu. Vile vyumba vitupu angevifanya maduka ya simu, na kona ya Specioza ingekuwa stoo. Alimpa mwezi mmoja wa kuhama.

Kornelia alipanda kumwona. Alimkuta anapima bega la mteja, na wengine wanne wamekaa kwenye benchi, simu mikononi.

"Mayu, mama yangu, hawa si wateja?" Kornelia akauliza.

"Ni wateja," Specioza akajibu bila kuinua macho. "Lakini kompyuta imesema hawatoshi. Labda mimi ndiye nimekuwa najidanganya."

Maneno hayo yalimshinda Kornelia kuyabeba. Alitaka kumwaibisha mtu mmoja, na sasa mwingine anaukana ukweli anaouona kwa macho yake. Alimfuata Lukresia kwenye mgahawa alikokuwa anakunywa chai, akamweleza yote, pamoja na kile kiti.

Lukresia aliweka kikombe chini. "Nimeona namba haziendani," alisema. "Wiki nzima narudia kazi yangu, nadhani nimekosea mimi. Sikukushuku hata kidogo, dada." Kisha akasimama. "Masunga utamwambia mwenyewe."

Alimwambia. Masunga hakufoka, aliomba tu nywila ya mtambo, aliyoishika Kornelia tangu mwanzo, akamkabidhi Lukresia. Kuanzia siku hiyo Kornelia alibaki na nyaya na ngazi.

Mchana huohuo wawili hao walirekebisha ramani. Kornelia alitembea jengo zima na simu mkononi, Lukresia akiangalia nukta yake kwenye skrini na kumtajia kwa simu mahali alipo, mpaka maneno na miguu vikakubaliana. Walipofika kwenye ile kona, Specioza alikuwa ameshaambiwa kwamba hahami. Aliendelea kushona. Ilimchukua miezi miwili kuitikia salamu ya Kornelia.

Kabla ya kurudi Mwanza, Lukresia alimwambia kwamba akitaka atamfundisha ule mfumo kwa simu ya video, kila Jumamosi. Kornelia alikaa wiki tatu bila kujibu. Akajibu. Anajifunza sasa, na anaelewa haraka, ingawa zipo Jumamosi ambazo huzima kamera kwanza, kwa sababu uso wake bado haujakubali kufundishwa na mtoto ambaye ni yeye aliyemwonyesha kushika koleo.