Mguu wa Bati la Helikopta

Nasema wazi: ile helikopta ya vita naichukia mpaka leo, na walioipaka rangi nawachukia zaidi.

Wakati wa vita ilipita juu ya shamba letu la mihogo, kule Wamaza, ikamimina risasi. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka sita. Mguu wake ukakatika chini ya goti. Siku chache baadaye helikopta yenyewe ikaharibika mota, ikaanguka karibu na kijito, ikaachwa pale. Watu wakaiendea na mashoka. Baba, fundi wa kuyeyusha alumini na kumimina masufuria, alibeba vipande kwa baiskeli mpaka kwetu mjini Kasongo, akavigeuza masufuria. Nyumba ngapi zilisonga foufou, ugali wetu wa mihogo, ndani ya ndege ile! Bati moja la mkia hakuliyeyusha. Alilikunja akamtengenezea mdogo wangu mguu, akawa anaurefusha kadiri mtoto alivyokua. Na kwa vile baba ni mutu wa kujisifu, aligonga juu yake chapa yake ya nyota, sawa na kwenye masufuria.

Mwaka jana komanda mmoja akaamua helikopta itengenezwe upya, isimamishwe mjini kuwa ukumbusho wa ushindi. Ushindi gani, jamani? Askari wakapita nyumba kwa nyumba wakigeuza masufuria, wakitafuta nyota. Wakayalundika uani kwetu, wakamwamuru baba ayarudishe kuwa mabati.

"Chef, alumini ya kumimina haikunjiki, itapasuka tu," baba alimwambia mkubwa wao.

Wakamchapa fimbo mbele yetu. Kisha askari mmoja akamwona mdogo wangu, mwanamke mzima sasa, muuza mawese, amekaa mlangoni.

"Na ile nyota kwenye mguu? Ile bati iko ya Leta, ya serikali!"

"Papa, usiwape. Nitafika sokoni na nini?"

Baba alipiga magoti akafungua mikanda kwa mikono yake mwenyewe. Nilimtukana matusi ambayo mtoto hamwambii mzazi. Sijamwomba radhi, na sitamwomba.

Siku ya sherehe, helikopta ikiwa imeshapakwa rangi mpya, kila mutu alilazimishwa kufika, nikambeba mdogo wangu mgongoni. Komanda akashika maikro.

"Huyu fundi anapenda inchi yake mpaka ametoa mguu wa mutoto wake!"

Watu wakapiga makofi. Mdogo wangu akaficha uso shingoni mwangu, machozi yakanilowesha. Baba alisimama mbele ya wote, na nilimwona kwa macho yangu: alikuwa anatabasamu.